Simenti juu ya Ukuta wa Udongo

Mara ya nne waliponiita kwenda kupaka ukuta uleule, nilimwambia kapita, yaani msimamizi wa vibarua wa serikali, kwamba siendi. Nilikuwa nimekaa barazani napepeta mchele. Yeye alisimama barabarani na kofia mkononi, jasho likimtiririka, kwa sababu alikuwa ameshuka mbiombio kutoka ofisi za serikali. Alisema Bwana wa travo, yaani yule Mbeleji aliyesimamia kazi za ujenzi, anataka ukuta uwe mweupe kabla ya Ijumaa, maana wageni wanakuja. Nikamwambia ukuta ule hautaki kupakwa, unataka kukauka. Akasema anajua. Nikamuuliza, kama anajua, anakuja kuniita kwa nini. Akajipangusa uso, akavaa kofia, akaondoka.

Mchana wa siku ileile nilikwenda. Kuwaambia watu wa serikali kwamba huendi yalikuwa maneno ya barazani tu, hayakufika hata njia panda.

Nyumba yenyewe ilikuwa katika mtaa wetu wa zamani, hapo Kasongo, na ilijengwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani, wakati wa Waungwana, kabla Wabeleji hawajaingia. Kuta zake zilikuwa za udongo mtupu, nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu yako haifiki nje. Mbele ilikuwa na mlango wa mbao uliochongwa maua na minyororo. Serikali ilipoichukua iliifanya nyumba ya kulala wageni. Wazungu waliosafiri kwa gari kutoka Kivu kwenda Katanga walipumzika pale siku moja mbili, na wengine walikuja kwa makusudi kuuona mji, wakasimama mbele ya ule mlango wakapigana picha. Kwa wakubwa wa serikali, Kasongo ilikuwa mji wa kuonyesha watu. Sisi tuliokaa humo tulikuwa tunapika na kufua nyuma ya picha hizo.

Shangazi yangu, dada ya baba, alizaliwa ndani ya nyumba ile. Nyakati ninazozisimulia alikuwa mzee wa kutembea kwa kushika ukuta, na alikaa katika nyumba yake ndogo iliyopakana nayo, ya udongo uleule na ya mikono ileile. Yeye ndiye aliyenifundisha kukandika. Alinifundisha kuchimba udongo wa kichuguu, kuuponda, kuuloweka siku tatu, kuuchanganya na mchanga na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, kisha kuupaka kwa kiganja tabaka baada ya tabaka, na mwisho kuupitisha udongo mweupe wa bondeni ili ukuta ung'ae. Kila mwaka kabla ya mvua, wanawake wa nyumba ile walizunguka kuta zote wakaziba kila ufa. Mimi niliendelea na kazi hiyo pamoja na wifi yangu, na watu wakatujua. Hata serikali ikatujua.

Bwana wa travo hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Nasema hivyo kwa sababu ningependa awe mbaya, ingenirahisishia mambo. Alikuwa kijana bado, magoti yamemwiva kwa jua, na utepe wa kupimia haukumtoka mkononi. Aliipenda nyumba ile. Alipofika aliona paa la nyasi limechakaa, akaliondoa, akaweka manjanja, yale mabati ya mikunjo. Aliona upenu wa zamani unaficha mlango usionekane vizuri kwenye picha, akaukata. Aliona mfereji wa mawe uliozunguka nyumba, akafikiri ni shimo la takataka, akaujaza udongo na kupanda maua mekundu chini ya ukuta, pande zote. Jioni wafungwa walileta maji kwa ndoo wakayamwagilia maua.

Mvua za kwanza zilipokuja, maji ya paa yalianguka moja kwa moja miguuni pa ukuta, yakaruka juu, na udongo wa maua ukayashika yasiende popote. Ukuta ukaanza kuyanywa. Doa lilianza kwenye kifundo cha mguu, likapanda mpaka gotini, baadaye kiunoni. Udongo mweupe ulibambuka vipande vipande, na palipobambuka palitoka unga kama chumvi. Ndani kulinuka ukungu. Bibi mmoja wa Kizungu alilala siku mbili akakuta nguo zake zimeota madoa ya kijani sandukuni, akapeleka mashtaka.

Ndipo nikaitwa nipake. Nikapaka, na baada ya wiki mbili doa likarudi. Nikaitwa tena.

Kila mara nilieleza. Bwana alijua Kiswahili cha kuagiza tu, cha leta na peleka na upesi, kwa hiyo nilimweleza kapita, naye akamweleza Bwana kwa Kifaransa. Kapita alikuwa Mubangubangu, mtu wa kabila la upande wa Kabambare, amesoma kwa mapadri, mtu mpole mwenye watoto watano, anakaa katika nyumba ya matofali ambayo serikali ilimpa kwa ajili ya kazi yake. Tuliheshimiana. Mara ya tatu nilieleza kirefu. Nilisema upenu urudi, mfereji ufukuliwe, maua yahamishwe, ukuta uachwe wazi kiangazi kizima upumue. Nilionyesha kwa mikono. Kapita akamgeukia Bwana akasema maneno matano au sita. Bwana akatabasamu, akaniambia, "Muzuri, mama," akaenda zake na utepe wake.

Nikamuuliza kapita amemwambia nini.

"Nimemwambia kazi itaisha kesho," alisema.

Nilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Wifi yangu anasema nilibaki nimeuinua mkono hewani kama nataka kumpaka yeye. Nilimuuliza kama mara mbili zilizopita pia alifanya vile. Akakubali. Hakujitetea kwa sauti kubwa. Alinieleza kwamba kapita aliyekuwa pale kabla yake alibishana na mzungu juu ya miti ya daraja. Mzungu alikosea, daraja likainama, na kapita akapelekwa kuvunja mawe ya barabara, mkewe na watoto wakatolewa katika nyumba ya serikali siku hiyohiyo.

"Ukuta hauna watoto, mama," aliniambia. "Mimi niko nao."

Niligeuka nikaupaka ukuta kwa hasira. Mwezi mzima nilikuwa nimesema na mlango uliofungwa.

Basi hiyo Ijumaa ya mara ya nne wageni walikuja, gari mbili, wanaume na mabibi wenye kofia. Udongo mweupe tulioupaka ulikuwa haujakauka, na usingekauka kamwe juu ya ukuta uliolowa vile. Bibi mmoja aliegemea karibu na mlango apigwe picha. Alipojitoa, gauni lake lilikuwa na bamba la tope mgongoni, na ukuta ulikuwa na shimo lenye umbo la bega lake. Wenzake walicheka. Bwana wa travo hakucheka. Alisimama akiutazama ukuta kama mtu aliyetukanwa mbele za watu, na saa ile nilimwonea huruma.

Huruma yangu haikudumu, kwani baada ya siku chache lori lilileta simenti. Mafundi walipiga lipu ukuta wa mbele na wa nyuma, kutoka chini mpaka kwenye boriti, juu ya udongo wetu ulio na maji. Walipomaliza, nyumba iling'aa kama sahani mpya. Watu walikuja kuiangalia, na mume wangu, ambaye alishona nguo kwa cherehani na hakupenda maneno mengi, aliniambia labda sasa nitapumzika. Shangazi alishikwa mkono akaletwa. Akaweka kiganja chake juu ya simenti, akakaa hivyo kidogo.

"Sasa maji yatatokea wapi?" aliuliza.

Bwana alikuwa karibu, akamwamkia kwa heshima, akaendelea kupima madirisha.

Maji hayakupata pa kutokea, yakapanda. Ndani ya vyumba doa lilifika usawa wa bega. Nilipokuwa nikipita kwenda kwa shangazi niligonga ile simenti kwa kifundo cha kidole, ikalia tupu, maana udongo nyuma yake ulikuwa umeteremka. Kila mara niligonga, na kila mara nilifika kwa shangazi nimenuna.

Halafu Bwana akapata safari ya mwezi mmoja kukagua madaraja ya teritware, yaani wilaya, ya Kabambare. Siku tatu baada ya kuondoka kwake, kapita alikuja nyumbani kwangu. Safari hii alikubali kuketi. Alisema amefungua chumba cha nyuma akakuta ukuta umetoa tumbo kwa ndani. Ukimwangukia mgeni, atakayeulizwa ni yeye mwenye funguo. Akaniuliza ningefanya nini kama nyumba ingekuwa yangu.

Nikamwambia yale niliyomwambia siku zote, ila sasa alisikiliza kama maneno mapya.

Alikubali ukuta wa nyuma peke yake. Wa mbele ulionekana na wazungu wengine kila siku barabarani, asingeweza kuugusa. Na wa nyuma tukiumaliza ilibidi tuupake mweupe, laini, Bwana akirudi aone simenti yake.

"Neno hili libaki kwetu, mama," aliniambia.

"Litabaki kwetu," nikasema.

Tulifanya kazi ile majuma matatu, mimi na wifi yangu, na wafungwa wawili wa kubeba. Simenti ilitoka vipande vikubwa kwa pigo moja la jembe, maana haikuwa imeshika kitu. Udongo nyuma yake ulikuwa kama uji, na mizizi ya maua ilikuwa imeingia ndani kabisa kama vidole. Tuliyang'oa maua. Tulichimba tukaukuta mfereji wa zamani, mawe yake bado yamepangwa, tukausafisha mpaka ukaanza kupeleka maji bondeni. Tukatoa udongo uliooza, tukauacha ukuta wazi siku kumi na mbili. Ilikuwa ule muda mfupi wa jua katikati ya mvua, na kila asubuhi nilitazama mawingu kwa hofu. Ndani tuliweka vyungu vya makaa, si karibu, ili ukuta usipasuke. Kapita alipata mabati ya zamani, akayapigilia yakawa upenu mpya.

Shangazi alileta kiti akakaa nyuma yetu. Alituambia mabua ni marefu mno, udongo ni mwepesi mno, tunakandika kama wanaofukuza kuku. Siku moja nilimjibu vibaya, akageuza kiti akatupa mgongo mpaka jioni. Lakini siku nilipoweka kiganja juu ya ukuta nikaukuta mkavu, wa baridi kidogo, mgumu, nilimwita, naye akaweka chake kando ya changu. Akaguna. Kwa shangazi kuguna kulikuwa kusifu, na mimi niliipeleka ile sauti nyumbani nikalala nayo.

Bwana aliporudi, kapita alimweleza kwamba maua ya nyuma yaling'olewa kwa sababu ya nyoka, na upenu uliwekwa ili kuni za wageni zisilowe. Bwana akatazama ukuta mweupe, akaridhika, akapita.

Mvua kubwa zikaja. Siku moja, baada tu ya sala ya adhuhuri, tulisikia kishindo kizito, si kama radi, kama gunia kubwa lililodondoka kutoka juu. Ukuta wa mbele, upande wa kushoto wa mlango, ulikuwa umelala barabarani. Simenti ilikuwa imekatika kama maganda, na udongo ulikuwa ukitiririka kutoka ndani yake. Kitanda cha mgeni kilifukiwa chote. Mgeni mwenyewe alikuwa ametoka asubuhi kwenda Nyangwe kuuona mto, na kwa hilo nilimshukuru Mungu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama, hauna hata ufa.

Mtaa mzima ulikusanyika. Bwana alifika akapima shimo, akazunguka nyuma, akaupiga ukuta ngumi mara kadhaa, akarudi. Nilimwona anafikiri, nikasema moyoni, sasa ataona. Mbele na nyuma vilikuwa pale pale, kimoja kimeanguka, kingine kimesimama, hata mtoto angeuliza tofauti ni nini.

Akasema na kapita kwa Kifaransa, kapita akatugeukia kututafsiria, macho yake yakitazama juu ya vichwa vyetu. Bwana anasema ukuta wa mbele umeanguka kwa sababu ya tope la wanawake lililobaki chini ya simenti. Wa nyuma simenti ilishika vizuri, ndiyo maana umesimama. Kwa hiyo nyumba zote za zamani katika njia ya wageni zitakwanguliwa udongo wake na kupigwa simenti kama ya nyuma. Wataanza na ya jirani.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya shangazi.

Nilimtazama kapita. Alinitazama mara moja, akashusha macho.

Jioni ile nilimfuata. Alisema tungoje, labda simenti itaishia kwenye kuziba shimo la mbele. Kesho yake magunia yalipangwa kwenye baraza ya shangazi, naye akayazunguka kwa shida akitafuta pa kupita. Nilimfuata kapita tena. Alisema tungoje, labda Bwana ataitwa Kabambare kwa madaraja. Nilimwomba aseme kweli yeye, kwa Kifaransa, kwa upole, kwa namna yoyote anayoijua. Akasema hawezi. Siku ya tatu mafundi walianza kukwangua ukuta wa shangazi upande wa chumba chake cha kulala, udongo niliouweka mimi mwenyewe kiangazi kilichopita. Shangazi alikuwa amekaa ndani. Kila walipokwangua, vumbi lilimwingia, akakohoa, na hakutoka.

Sikunawa hata mikono. Nilijitanda kitambaa nikapanda ofisini kwa Bwana. Sikupitia kwa kapita. Nilijua kabisa kwamba sikupitia kwa kapita.

Bwana alikuwa anaandika. Nilimsemesha polepole, kwa Kiswahili chake yeye, maneno machache machache.

"Bwana, ukuta ya nyuma haiko na simenti."

"Iko," alisema. "Mimi niliweka."

"Uliweka. Mimi niliitoa."

Aliacha kalamu. Akaniambia nirudie, nikarudia, nikaongeza mfereji na maua na upenu. Sijui alishika kiasi gani. Aliinuka, akachukua nyundo, akatembea mbele yangu mpaka kwenye ile nyumba. Akaenda nyuma, akapiga. Ukatoka udongo mkavu na mabua ya mpunga. Akapiga pengine, ukatoka uleule. Akaokota bonge akalivunja kati ya vidole, akayatazama mabua, na mimi nikasimama nikingoja swali. Nilikuwa nimelitayarishia majibu miezi yote ile. Nilikuwa tayari kumwambia siku za kuloweka, urefu wa mabua, na mahali mfereji unapokunja kona.

"Nani alikupa ruhusa?" aliuliza.

Hilo tu. Sikuulizwa kingine siku ile wala siku nyingine. Nilisema nilifanya peke yangu. Lakini chumba cha nyuma kilifungwa kwa ufunguo, wafungwa walitolewa kwa amri, na mabati ya upenu yalitoka ghalani. Hata yeye aliweza kujumlisha hayo.

Kesho yake magunia yaliondolewa kwenye baraza ya shangazi. Sidhani kwamba Bwana alielewa. Nadhani hakutaka wakubwa wake waanze kuuliza maswali juu ya nyuma na mbele. Shimo la mbele liliwekwa matofali ya kuchoma, yakapakwa rangi, na wageni wakaendelea kupigwa picha. Maua ya mbele yaliendelea kunyweshwa. Mimi nilikatazwa kugusa kazi yoyote ya serikali, jambo ambalo lingenifurahisha kama lingekuwa peke yake.

Kapita alifukuzwa. Alipewa siku mbili kutoka katika nyumba ya matofali. Nilikwenda siku ya pili nikamkuta mkewe anafunga vyombo ndani ya mkeka, watoto wamekaa juu ya mizigo wakingoja lori la pamba linalokwenda Kabambare. Yeye mwenyewe alikuwa ndani na hakutoka. Mkewe alinisalimia kwa adabu, akaendelea kufunga. Nilishika upande wa pili wa kamba nikamsaidia kukaza.

Nilirudi nikatengeneza ukuta wa shangazi. Aliishi katika nyumba yake miaka mingine sita, akafia humo, na ukuta ulikuwa mkavu. Hakuwahi kuniuliza ilikuwaje magunia yakaondoka. Nafikiri alijua.

Miaka michache baada ya msiba wake, Wabeleji wakiwa bado wapo lakini wameanza kusema kwa sauti ya chini, mume wangu alikwenda Kabambare kuuza nguo, nikaomba kufuatana naye. Tulilala Lusangi, kesho yake tukafika. Kila niliyemuuliza aliijua nyumba ya kapita wa zamani. Nilikuta mtu mwenye mvi, anachambua karanga chini ya upenu wa jikoni. Alinitambua kabla sijasema. Akaniletea kiti, akamwita mkewe, tukauliza habari za watoto wa pande zote mbili. Mmoja wa wanawe alikuwa amekwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Alinisimulia bei ya karanga na ubaya wa barabara. Alikuwa mwema kwangu.

Mwishowe nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Nilianza kueleza habari za shangazi, vumbi, kikohozi. Alinyoosha mkono taratibu kunikatiza.

"Mimi nisingesema, mama," aliniambia. "Ningengoja mpaka nyumba ya shangazi yako iangushwe na maji, na bado nisingesema. Hilo ninalijua. Sikulaumu kwa kusema." Akachambua karanga mbili tatu. "Lakini kutoka kwako mpaka ofisini ulipita mbele ya mlango wangu. Ungegonga. Ningepata saa moja ya kuwaambia watoto wangu mimi mwenyewe."

Nilikuwa nimemletea kitambaa cha shati, mume wangu alikikata vizuri. Alishukuru, akanirudishia, akasema nimpe mtu mwingine. Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani na bakuli la karanga, nikalipokea.

Njiani mume wangu aliniuliza mara mbili nina nini, nikamwambia ni jua. Nilikuwa na hasira mpaka Kasongo, na njia ile ni ndefu. Nilimkasirikia kapita kwa kuwa alisema kweli, nilimkasirikia Bwana wa travo ambaye pengine wakati huo alikuwa kwao amesahau hata jina la mji wetu, na nilijikasirikia mimi, kwa sababu alichosema kilikuwa sawa. Siku ile nilipopanda ofisini niliuona mlango wake. Ulikuwa wazi, mkewe alikuwa anafagia, na mimi nikaongeza mwendo.

Asubuhi baada ya kurudi Kasongo, wifi yangu alikuja kuniambia mvua ya usiku imefungua ufa katika ukuta wa msikiti upande wa kisima. Nikachukua jembe, tukaenda kuangalia maji yanaingilia wapi.